Kila Tukiuliza, Rezo Inakatika

Jumanne, 9 Septemba

Kirotshe, kando ya ziwa. Mvua ya kwanza ya maana imenyesha asubuhi, na mke wangu Rosalie amesema kesho tunapanda maharagwe. Nimefungua daftari hili kwa ajili ya mambo mawili: maharagwe, na modemu. Nilifundisha fizikia miaka thelathini na mmoja, na siamini kipimo ambacho hakikuandikwa siku ile ile kilipochukuliwa.

Modemu aliiacha binti yetu Astrid alipopita hapa akirudi Kinshasa. Ni kisanduku cheupe chenye kadi ya simu ndani. Kinapokea mtandao, au rezo kama tunavyouita hapa, kutoka mnara wa kilimani na kuugawa nyumbani, ili simu zetu zote ziupate bila waya. Nimekiweka dirishani, upande wa mnara.

Tunakihitaji kwa ajili ya Falone, mjukuu wetu tuliyemlea tangu mama yake afariki. Ameombwa uchumba na kijana wa Ntoto, kule Walikale, aitwaye Patient. Walisoma uuguzi pamoja Goma. Barabara ya Walikale haipitiki mwaka huu, kwa hiyo familia mbili zitaketi kwa simu ya mtandao, Jumapili baada ya misa. Msemaji wetu ni mdogo wangu Darius. Mimi sitasema. Kwetu mwenye binti hukaa kimya, na msemaji ndiye mdomo wake.

Jumatano, 10 Septemba

Shamba la juu limepandwa. Modemu saa nne asubuhi: megabiti nane kwa sekunde kushuka kwetu, mbili kupanda kwenda mnarani. Inatosha kwa simu ya picha, tena inabaki.

Jumapili, 21 Septemba

Mazungumzo ya kwanza. Yalianza vizuri na kuishia vibaya.

Kule Ntoto hawana mtandao nyumbani. Wanakusanyika katika chumba cha mfanyabiashara mmoja mwenye antena ya setilaiti, anayekikodisha kwa saa. Msemaji wao ni Papa Jérémie, baba mkubwa wa Patient, mzee mwenye maneno mazuri. Yeye na Darius walisalimiana nusu saa nzima. Walicheka, wakaulizana habari za mihogo kule na maharagwe huku. Sauti ilikuwa safi, utafikiri yuko barazani.

Kisha Darius akafika kwenye swali. Kuanzia Machi ya mwaka juzi hadi Januari ya mwaka jana hakuna aliyejua Patient alikuwa wapi. Hata Falone hakupata salamu yake. Katika nchi hii kijana akipotea miezi kumi na kurudi amekonda, kila mtu ana jibu lake kichwani: alishika bunduki. Nami sitampa mjukuu wangu mtu aliyeshika bunduki. Nimelisema hilo wazi, na Falone analijua.

Nimeagiza swali hilo liulizwe kama ukoo wetu ulivyouliza siku zote. Zamani msemaji alipofika kwenye neno zito, wazee waliokuwa chumba cha ndani walitoka wakakaa mbele ya wageni, kila mmoja uso wake ukionekana. Aliyeonekana ndiye shahidi. Aliyekaa nyuma ya mgongo wa mwenzake hawezi kesho kusema alisikia. Kwa hiyo Darius alipotamka, "Papa Jérémie, sasa tunafika ku neno," kila mzee aliwasha simu yake akaingia kwenye mazungumzo na uso wake. Tuko wanane pamoja na Darius. Ilipendeza kuona kwamba desturi imekubali kupanda kwenye chombo kipya.

"Huyu mutoto wenu," Darius akasema, "ile miezi kumi alikuwa wapi, na alikuwa anafanya nini?"

Patient akasogea mbele, akavua kofia. Akasema, "Bazee, miye nilikuwa..." Picha ikavunjika vipande vipande, sauti ikawa kama ya mtu aliye ndani ya pipa, kisha kimya. Tulingoja hadi saa yao ya chumba ikaisha.

Darius akatuma ujumbe: Rezo ilikatika, tutauliza tena. Jibu lilifika jioni: Sawa. Tutajibu tena.

Jumatatu, 22 Septemba

Neno "tena" linanisumbua.

Alhamisi, 25 Septemba

Nieleze kidogo kwa atakayesoma. Watu hudhani mtandao ukiwa na namba kubwa, simu lazima iwe nzuri. Sivyo. Fikiria darasa la wanafunzi hamsini na mlango mmoja. Kengele ikilia wote watatoka, lakini yule wa mwisho atatoka kachelewa. Barua ikichelewa kidogo hakuna hasara. Sauti ya mtu ikichelewa, simu huitupa, kwa sababu neno lililofika baada ya zamu yake halina mahali pa kukaa. Kwa hiyo, pamoja na kasi, ninapima muda ambao kipande kidogo kinaenda na kurudi. Leo: sehemu sitini za elfu ya sekunde. Vizuri sana.

Basi ni nani aliyejaza mlango Jumapili?

Jumapili, 28 Septemba

Nimemwona jirani yetu Sebarenzi ameketi kwenye ua wetu, upande wa dirisha la modemu, kichwa kimeinama. Jumapili iliyopita pia alikuwa pale.

Jumatatu, 29 Septemba

Nimebadilisha neno la siri la modemu.

Jumatano, 1 Oktoba

Sebarenzi amekuja mwenyewe, mbele ya Rosalie.

"Mwalimu, nasikia nimeiba hewa yako."

Nikamwambia sijamtaja mtu.

"Mama Rosalie amemuambia muke wangu miye nisikae ku ua. Miye nasikiliza mupira ku radio, pale kivuli kiko mingi." Akatoa simu yake mfukoni, ya vibonye, imefungwa kwa mpira wa baiskeli. "Angalia hii. Inaweza kuiba nini? Hata saa inakosea."

Rosalie alicheka mpaka akakaa chini. Mimi niliomba radhi, lakini kabla hajaondoka niliiangalia ile simu vizuri. Ni kweli, haina uwezo wowote.

Jumapili, 5 Oktoba

Mvua siku nzima. Palizi imechelewa.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimegundua kwamba simu ya Falone hupeleka picha zake zote kwenye hifadhi ya mtandao bila kuombwa. Kazi ya namna hiyo hujaza mlango wa kupanda, na mlango wa kupanda ndio mwembamba. Tena huifanya kila inaposhika mtandao wa nyumbani, hata Jumapili. Nilimuuliza kama alijua.

"Babu, unasema miye njo nakata rezo?"

"Nauliza tu."

"Unauliza sawa polisi."

Sikupenda jibu hilo. Msichana anayempenda kijana, na hataki kijana huyo ajibu, ana sababu ya kuacha simu yake ifanye kazi Jumapili. Siandiki kwamba amefanya. Naandika kwamba angeweza.

Jumapili, 19 Oktoba

Mazungumzo ya pili. Kabla ya kuanza, Falone alizima simu yake na kuiweka mkononi mwangu. Nikaitia mfukoni.

Nusu saa ya salamu, sauti safi. Darius akauliza. Tukatokea wote, nyuso nane. Safari hii Patient hakuvua kofia. Alitazama chini, midomo ikaanza kusogea, na laini ikafa. Nilikuwa na saa mkononi: sekunde kumi na moja tangu swali.

Simu ya Falone ilikuwa mfukoni mwangu, imezimwa. Kwa hiyo si yeye.

Nilipomrudishia alisema, "Patient ameniandikia. Anasema amesema."

"Amesema nini?"

"Anasema ni kwenu kusikia, haiko kwangu kubeba."

Angalia ujanja huo. Amesema, lakini hakuna aliyesikia. Na anayeweza kutuambia amekatazwa kutuambia. Falone alitaka kumpigia amuulize, kisha atueleze yeye mwenyewe. Nikakataa. Bibi harusi habebi jibu la bwana harusi. Akilibeba, kesho likionekana la uongo, uongo utakuwa wa nyumba yangu.

Ijumaa, 24 Oktoba

Mvua ya mawe. Maharagwe ya shamba la chini yameumia majani. Muda wa kwenda na kurudi: sitini na mbili, hata wakati wa mvua. Kwa hiyo si mvua.

Jumapili, 9 Novemba

Mazungumzo ya tatu. Mbingu wazi, ziwa limetulia. Nilipima modemu dakika mbili kabla: sitini. Nilipima Darius akiwa katikati ya salamu: sitini na tano. Salamu zilikuwa fupi leo. Papa Jérémie hakuuliza habari za maharagwe.

Darius akauliza mara ya tatu, maneno yale yale. Tukatokea. Patient alituangalia uso kwa uso, muda mrefu, kama mtu anayehesabu. Akafungua mdomo. Laini ikafa.

Hatukuondoka. Tulibaki sebuleni, wazee wanane, kila mmoja na simu yake gotini.

"Hii rezo," Darius akasema, "inaogopa kweli ya huyu mutoto."

Dada yetu Euphrasie, ambaye ndiye mkubwa wetu sote, hakucheka. "Hata muongo anajibu kitu. Huyu, tukiuliza, anakufa. Kule kuko mutu anakamata kifungo. Anangoja neno, anazima."

Nilisema kwamba sina ushahidi. Lakini nilisema kwa sauti ya mtu anayekubali.

Tumeamua: tutauliza mara moja tu, baada ya mavuno, Jumapili ya tarehe kumi na nne Desemba. Asipojibu tutarudisha neno, na Falone atabaki nyumbani.

Jumanne, 11 Novemba

Nimeandika ushahidi kama nilivyowafundisha wanafunzi. Laini ni nzima siku za kazi. Laini ni nzima wakati wa salamu. Haiharibiwi na mvua, wala na jirani, wala na simu ya Falone. Inakufa swali linapoulizwa, na haifi wakati mwingine wowote. Kitu kinachotokea mara tatu pamoja na swali, kina uhusiano na swali. Na nani anaogopa swali? Si sisi.

Nimeanza kuandika barua ya kukataa. Nimeiweka ndani ya daftari hili.

Alhamisi, 13 Novemba

Falone ameiona barua. Hakulia. Alisimama mlangoni na nguo zake za kazi.

"Ukikataa, Babu, sitabisha. Lakini utakuwa umekataa mutu hujamusikia."

"Nimempa nafasi tatu."

"Ndiyo," akasema. "Naye anasema ni yeye amewapa nyinyi tatu."

Siku hizi anakula kazini.

Jumatatu, 24 Novemba

Maganda yamekauka upande wa juu. Rosalie haniambii neno zaidi ya la kazi.

Jumamosi, 6 Desemba

Lazima niandike polepole.

Leo tulikuwa tunapura maharagwe uani. Ndugu wote walikuja kusaidia, kama kila mwaka. Saa tano Astrid akapiga kutoka Kinshasa kwa simu ya picha ili atuone tukifanya kazi. Nikampokea kwa simu yangu, nikamwonyesha rundo. Sauti ilikuwa safi. Euphrasie akauliza kwa nini anaonekana nyuma yangu tu, kana kwamba ni mgeni. Akaingia kwa simu yake. Darius akaona dada ameingia, naye akaingia. Wengine wakafuata, mikono ina vumbi, kila mmoja anataka Astrid aone uso wake. Tulikuwa tunacheka.

Astrid akasema, "Papa, munakuwa sawa photo. Mumeganda bote." Kisha sauti yake ikaingia ndani ya pipa. Kisha kimya.

Nilisimama na fimbo ya kupuria mkononi. Hakukuwa na swali lolote. Hakukuwa na Patient. Hakukuwa na mtu wa kukamata kifungo. Kulikuwa na sisi.

Jumapili, 7 Desemba

Niliwaomba wazee warudi baada ya misa, nikawaambia ni majaribio. Walikaa sebuleni. Astrid alikuwa upande wa pili, naye alivumilia. Nikaingiza simu moja moja na kupima muda wa kwenda na kurudi.

Simu moja: hamsini na nane. Mbili: tisini. Tatu: mia moja sabini. Nne: mia sita. Tano: Astrid hasikiki. Zaidi ya hapo kipimo chenyewe kilikataa kurudi.

Hesabu ni ya mwanafunzi wa kwanza sekondari. Kila simu iliyomo kwenye mazungumzo hupeleka uso wake, lakini pia huvuta nyuso za wengine wote. Simu nane chumbani, pamoja na ya Ntoto, ni nyuso tisa. Kila simu yetu ilikuwa inavuta nyuso nane. Nane mara nane ni sitini na nne, zote kwa pamoja, kwenye kisanduku kimoja dirishani, ili tuonane sisi kwa sisi tuliokaa kwenye kiti kimoja kirefu.

Nilipima kila kitu isipokuwa nilichoagiza mwenyewe. Sikukiona kama kitu cha kupima. Nilikiona kama adabu.

Nikamuuliza Astrid: sisi tulipopotea, yeye aliona nini? Akasema hatukupotea. Tulikaa pale pale kwenye skrini yake, nyuso nane, wazi, macho yakimwangalia, hakuna anayepepesa. "Ningekuwa sijui, Papa, ningesema munaniangalia na munanikatalia salamu."

Sentensi hiyo haikunitoka siku nzima.

Jumatano, 10 Desemba

Wazee hawakufurahia. Nimewaambia Jumapili itakuwa simu moja tu, nasi wote tutakaa nyuma yake.

"Miye mukubwa wa Darius," Euphrasie akasema, "nikae ku mugongo yake sawa mutu alikuja kuomba chumvi?"

"Basi wewe ukae mbele, mimi nyuma."

"Na nani atasema tulikuwa shahidi?"

"Kila mmoja atalitaja jina lake kwa mdomo. Sauti moja ni nyepesi kuliko uso."

Wamelijadili hadi chai ikapoa. Mwishoni Euphrasie alikubali, kwa sharti kwamba kiti chake kiwe cha katikati.

Barua nimeichana. Falone alikuwa kazini, sikumwonyesha.

Jumapili, 14 Desemba

Tuliegemeza simu ya Darius kwenye gunia la maharagwe, kwa sababu meza ilikuwa fupi. Simu nyingine saba zilizimwa na kuwekwa chumba cha ndani. Euphrasie katikati, sisi tumejibana pande zote mbili na nyuma. Falone alisimama mlangoni na Rosalie.

Ntoto wakaonekana. Niliona safari hii nilichokuwa nimekiangalia mara tatu bila kukifikiria: watu kama kumi na wawili, wamebanana nyuma ya simu moja, watoto kwenye magoti. Wao hawakuwahi kuwa na zaidi ya moja.

Papa Jérémie hakusalimu. "Darius, kaka, kama ni swali ile ile, mutoto amesema mara tatu. Mara ya ine hatasema."

Darius akanigeukia. Mwenye binti hasemi. Nikasema.

Niliwaambia jina langu, kwamba mimi ndiye Raphaël, mwenye nyumba. Nikawaeleza simu nane na kwa nini zilikuwa nane. Nikasema kosa lilikuwa ndani ya nyumba yangu na kwa amri yangu, na kwamba katika mara zote tatu hatukusikia zaidi ya maneno matatu.

Kimya kikawa kirefu. Nilidhani laini imekufa tena. Kisha mtoto mmoja kule akapiga chafya, nikajua iko hai.

Patient akasema, "Papa, hamukusikia hata jina ya mudogo wangu?"

"Hatukusikia."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

"Miye nilisema jina yake, nyinyi muliniangalia tu. Bazee munane. Hakuna hata mumoja alisema pole. Ile ujumbe ya rezo tuliona ni kisingizio, sababu sura zenu zilikuwa wazi. Mara ya pili nikasema labda wanataka nieleze zaidi, nikaeleza. Mara ya tatu nikaangalia kila mumoja, nitafute hata mumoja." Akasimama. "Nikasema, basi, kwa hawa kufa kwa Trésor haiko kitu."

Papa Jérémie akamwekea mkono mgongoni. Na Patient akasema mara ya nne.

Naandika kwa kifupi, kama alivyosema yeye. Watu wenye bunduki waliwachukua yeye na Trésor njiani wakitoka sokoni. Hawakupewa silaha, walipewa mizigo. Walibeba miezi kumi, msituni, magunia na masufuria na mara nyingine majeruhi. Trésor alikuwa na miaka kumi na tisa. Aliugua tumbo mwezi wa saba wa kubeba, na Patient, aliyesomea uuguzi, hakuwa na hata chumvi ya kumpa. Alimzika kwa mikono, chini ya mti ambao hawezi kuutambua tena. Alipotoroka hakumwandikia Falone kwa muda mrefu kwa sababu sentensi ya kwanza ingekuwa hiyo.

Laini haikutikisika hata mara moja. Kila neno lilifika kwa zamu yake.

Euphrasie akainuka. Hakungoja msemaji. Akasema, "Miye Euphrasie, nimesikia. Pole, mutoto wangu. Pole kwa Trésor." Darius akasema jina lake, akasema pole kwa Trésor. Tukafuata mmoja mmoja, hata wa nyuma ambaye alionekana sikio tu. Kule Ntoto mama mmoja alianza kulia, na nikaelewa kuwa ni mama yao, na kwamba alikuwapo mara zote tatu.

Darius alimwita Falone mbele, akamuuliza mbele ya wote kama anakubali. Akasema, "Nilikubali zamani. Nilikuwa nangoja nyinyi." Darius akawapa Ntoto neno letu.

Papa Jérémie alikuwa ameanza shukrani zake ndefu, na uso wake umefunguka, wakati Patient alipomkatiza.

"Na miye niko na swali."

"Mutoto, achia bakubwa."

"Ni moja tu." Akasogea karibu na simu hadi uso wake ukajaa skrini. "Papa Raphaël. Nikifika kwenu, nikikaa ku meza yenu, mutaniuliza tena?"

"Hapana," nikasema.

"Sijasikia muzuri, Papa."

Nilikuwa nimepima kabla ya kuanza: hamsini na tisa. Alikuwa amesikia.

"Hapana," nikasema. "Hatutakuuliza tena."

Akaniangalia bila kupepesa.

"Sema tena, Papa."

Nikasema mara ya tatu.